Gitaa la Chumba cha Pili

Mume wangu hajui kupiga gitaa. Naanza na hilo kwa sababu kila anayesikia kwamba alijitengenezea gitaa la umeme nyumbani huuliza kwanza anapiga nyimbo gani. Hapigi hata moja. Akilishika, hulishika kama mwanamume aliyeombwa ashike kidogo kichanga cha watu: anaogopa kulikumbatia na anaogopa kuliangusha.

Kazi yake ni masijala. Kutwa anatafuta mafaili ya watu wanaosubiri dirishani, na akilipata moja leo, kesho limepotea tena.

"Faili haliishi, Mama Chiriku," aliniambia asubuhi moja tukinywa chai. "Linafungwa tu, halafu anakuja mtu analifungua. Nataka nishike kitu kimoja katika maisha yangu ambacho kinaisha."

Nikamwonea huruma, nikamshauri atafute kitu cha kufanya kwa mikono. Mimi nilikuwa nafikiria rafu ya vyombo.

Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kulala. Tulipohamia tulikubaliana kile cha pili kiwe cha binti yetu akishaacha ziwa. Binti huyo huongea tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba, na akishayafumba haachi, ndiyo maana jirani akampachika jina la Chiriku na jina likaganda. Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka miwili na nusu, ziwa ameshalisahau, na bado alilala katikati yetu, akizunguka kama mshale wa saa. Saa sita miguu yake ilikuwa mbavuni kwangu, saa tisa shingoni kwa baba yake.

Nami nilikuwa na haja nyingine na chumba hicho. Mchana nashona sare za shule hapo nyumbani, na mara tatu kwa wiki nilikuwa nimeanza kwenda masomo ya jioni, kumalizia elimu niliyoiachia njiani. Hesabu zangu nilizifanya juu ya ubao wa kupigia pasi. Ubao wa pasi una godoro, kwa hiyo kalamu ikikazwa kidogo inatoboa daftari, na mwalimu wa hesabu alishaniuliza kama nyumbani kwetu kuna panya.

Sasa, siku moja ofisini kwao wakatupa meza ya mkuu wa masijala aliyestaafu. Meza ya mtiki mtupu, uso mpana, doa moja la wino pembeni na tundu la kufuli ya droo. Mume wangu akaileta kwa mkokoteni, yeye na mwenye mkokoteni wakiwa wamelowa jasho. Nilisimama mlangoni nikaona dua zangu zimejibiwa.

"Baba Chiriku, umejuaje nilikuwa nahitaji meza?"

"Si meza hii," akasema, akipangusa uso. "Ni gitaa."

Jumamosi iliyofuata akaikata kwa msumeno.

Lazima niseme kuhusu baba yake. Baba mkwe wangu amekuwa seremala kwa miaka arobaini. Ana karakana yake mitaa miwili kutoka kwetu, na milango ya nusu ya mtaa huu imetoka mikononi mwake. Mtoto wake wa pekee alipochagua kufanya kazi ya ofisi, mzee hakupinga. Alianza tu kumwita Fundi Karatasi. Alimwita hivyo siku ya harusi yetu, mbele ya wageni, akitabasamu, na kila mtu akacheka, na mume wangu akacheka kuliko wote. Aliposikia habari za gitaa aliuliza jambo moja: "Litafunguka na kufungika?" Akaambiwa hapana, Baba, si mlango. "Basi mimi sina la kusema," akasema, na kwa miezi mitano hakukanyaga chumba cha pili.

Miezi hiyo mitano nilijifunza kwamba gitaa la umeme ni ubao. Hakuna tumbo lenye uwazi ndani kama lile la kawaida. Mume wangu alichora umbo kwenye kadibodi ya boksi la televisheni, akalihamishia kwenye uso wa meza, akalikata, akalipiga randa na msasa mpaka pembe zote zikawa laini kama sabuni iliyotumika. Tundu la kufuli akaligeuza mahali pa kitufe cha sauti. Shingo akaiunganisha kwa miguu miwili ya meza, gundi katikati, jiriwa sita zimeibana wiki nzima. Sumaku za kunasa sauti na nyaya zake alizilehemu jikoni kwangu, na harufu ya risasi ikaingia kwenye chai.

Juu ya shingo hukaa vyuma vyembamba vinavyokatiza, ishirini na viwili. Kila kimoja kina mahali pake, na mahali pake hupatikana kwa jedwali la namba ambalo mume wangu alilichapisha ofisini. Aliazima tepu yangu ya kushonea. Futi yake ya chuma, alisema, ina kindoano mbele kinachochezacheza, ila tepu yangu inalala juu ya mbao bila kubisha. Nikamwazima kwa moyo mmoja. Tepu ile nilipewa na shangazi aliyenifundisha cherehani, na imekaa shingoni mwangu mwaka wa tisa.

Kilichonitoa kwenye uvumilivu ni mashati. Mashati kumi na mawili meupe, ya darasa zima, niliyaanika kwenye kamba ndani kwa sababu ya mvua, na mume wangu akapiga msasa mlango ukiwa wazi. Yalitoka na rangi ya chai ya maziwa.

"Chagua," nikamwambia. "Chumba au gitaa."

"Kwani haviwezi kukaa pamoja?"

"Vimekaa pamoja miezi mitano. Mtoto ndiye hajakaa."

Tukaafikiana kama watu wazima. Gitaa likipigika sawasawa kabla ya mwisho wa mwezi, chumba kitakuwa karakana mpaka Chiriku aanze shule. Lisipopigika, anatoa benchi lake na zana zake zote, na chumba ni cha mtoto na daftari zangu. Mwamuzi atakuwa jirani wa ghorofa ya juu, fundi wa friji ambaye siku za harusi hupiga gitaa kwenye bendi. Tunamwita Nyuzi Tano, maana tangu tumfahamu uzi wa sita umekatika na anasema atauweka wiki ijayo.

Jumamosi moja kabla ya kumwita mwamuzi, gitaa likiwa limebaki kufungwa daraja tu, yaani kile kipande cha chuma kinachoshika nyuzi upande wa tumboni, mara mtu akapiga hodi. Mzee. Alisema alikuwa anapita. Mtaa wetu hauendi popote, hauna pa kupita.

Aliingia chumba cha pili mikono nyuma, kama mkaguzi. Akatazama kiungo cha shingo kwa muda mrefu. Akapitisha kidole gumba kwenye gundi. Kisha akainua tepu yangu kutoka kwenye benchi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi sebuleni.

"Hiki kinafanya nini hapa?"

"Nilipimia vyuma, Baba."

"Vyuma hivi vyote?"

"Vyote."

"Kazi ya mbao haipimwi kwa utepe wa mafundi cherehani." Akanigeukia. "Samahani, mama. Sikutukani wewe. Namtukana huyu."

"Hakuna neno, Baba," nikasema.

Alikuwa amebeba mfuko mrefu wa turubai begani. Akatoa rula ya chuma ya mita nzima, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa tangu mume wangu akiwa mdogo. "Hicho kidaraja chako kinakaa wapi?"

"Kutoka kwenye kile kimfupa cha juu, nyuzi zinapoanzia, mpaka hapa. Sentimita sitini na nne na milimita nane."

Mzee akalaza rula, akafumba jicho moja, akapiga mstari kwa penseli aliyoichonga kwa patasi. "Hapo," akasema. "Sikusema karibu na hapo. Hapo." Akashika keekee mwenyewe, akatoboa matundu, akaliweka daraja, na mume wangu akakaza skrubu huku baba yake akimshikia.

Nilikuwa mlangoni na Chiriku kiunoni. Mume wangu ana miaka thelathini na miwili, lakini pale alikuwa na minane. Mzee alipoondoka, alikaa akiutazama mstari ule wa penseli, akakataa kuufuta.

Jumapili Nyuzi Tano akashuka na spika yake yenye ukubwa wa ndoo. Mzee naye alikuja. Safari hii alisema amekuja kumwona mjukuu, na mjukuu akamweleza habari za kiatu chake bila kupumua.

Nyuzi Tano akakaza nyuzi zote sita, akazipiga wazi, bila kuzibonyeza. Sauti iliyotoka ilinisisimua mwili. Meza ya mkuu wa masijala ilikuwa na sauti nzito, tamu, ya mtu mwenye cheo. Mume wangu akanikonyeza. Nikaona chumba kinaniponyoka.

Kisha Nyuzi Tano akaanza kupanda shingoni. Chini kulikuwa na nafuu. Katikati sauti ikawa kama ya mtu anayeimba huku amekanyagwa kidole. Alipofika juu, Chiriku akaziba masikio.

"Baba Chiriku," Nyuzi Tano akasema kwa upole, "gitaa lako lina haraka. Kila nikipanda linanitangulia." Akabonyeza chuma cha kumi na mbili. "Sikiliza. Hapa ndipo nusu ya uzi. Uzi ukiupiga wazi, halafu ukaupiga hapa, iwe sauti ileile, ila nyembamba. Sasa hii." Akapiga. "Hii si sauti ileile. Huyu ni shemeji yake."

Akacheza na skrubu ndogo za daraja zinazosogeza nyuzi kidogo, akazizungusha mpaka mwisho. Haikutosha.

"Nini kimekosewa?" mume wangu akauliza.

"Vyuma. Naona vimeachana zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa." Akamrudishia gitaa. "Lakini kazi ni safi. Ukilitundika ukutani, mtu atakuonea wivu. Na mwezi haujaisha, bado kuna wiki."

Wiki haitoshi kutengeneza shingo nyingine. Wote tulijua. Tukamtazama mzee, tukisubiri Fundi Karatasi yake, na mzee akasema tu, "Ulipima kwa utepe." Alisema taratibu, bila kejeli, na hilo lilimwingia mume wangu kuliko tusi. Halafu akaniambia mimi, "Mama, nitamtengenezea mjukuu wangu kitanda. Chumba kimepatikana."

Ningesema nilihuzunika, ningekuwa mwongo. Nilifurahi. Nilifurahi Jumapili yote na Jumatatu, nikapima kwa macho mahali pa kitanda na mahali pa meza ya kusomea. Jumanne furaha ikaanza kuchuja. Mume wangu alikuwa anakosha vyombo bila kuombwa. Hakulalamika, hakununa, alijikaza kisabuni, akafungua jiriwa moja moja na kuzipanga kwenye boksi. Gitaa alilivika foronya akaliegemeza nyuma ya mlango. Jumatano alirudi kutoka kazini na mafaili kwapani, akayasoma mezani wakati wa kula. Kwa miaka sita hajawahi kuleta faili nyumbani.

"Ni mikono tu," akaniambia nilipomuuliza. "Wengine wanayo, wengine wana ya kugeuzia karatasi. Mzee aliona mapema."

Alhamisi mzee akaja kuweka alama za miguu ya kitanda sakafuni, akaacha rula yake chumbani kwa kuwa angeihitaji tena Jumapili akija kuunga kitanda. Ijumaa akatuma godoro dogo la sponji alilolikata mwenyewe, na ujumbe kwenye simu: urefu mita moja na sentimita ishirini, upana sitini, shona foronya yake.

Jumamosi asubuhi, mume wangu akiwa ofisini, nikakata kitambaa kwa vipimo vile, nikashona, nikatia zipu, nikalivalisha godoro. Likavaa foronya kama mtoto aliyevaa suruali ya kaka yake. Pande zote kulikuwa na ziada.

Mimi sijawahi kukata kitu kikapwaya. Ni kweli bado nababaika na hesabu, bado nasoma kwa kurudia mstari mara mbili, lakini nguo zangu huwa zinakaa mwilini. Nikachukua tepu nikalipima godoro. Sentimita mia moja na kumi na nane na kitu. Kwa hiyo mzee amekosea. Nikacheka peke yangu, maana mzee hakosei, halafu nikaacha kucheka.

"Mama unafanya nini?" Chiriku akauliza.

"Napima."

"Unapima nini?"

"Kitanda chako."

"Kitanda kiko wapi?"

"Bado hakijaja."

"Sasa unapima nini?"

Nikaichukua rula ya mzee, ile isiyoguswa, nikailaza sakafuni, na kando yake nikailaza tepu ya shangazi. Mwanzo zilikwenda pamoja kama watu wawili wanaosindikizana. Kwenye thelathini tepu ilikuwa imeanza kupitiliza. Kwenye mia, mia yangu ilikuwa imeivuka mia ya mzee kwa sentimita moja na nusu. Miaka tisa shingoni, miaka tisa ya kuvutwa kwenye vifua na viuno vya watoto wa shule, tepu ilikuwa imetanuka.

Na hakuna nguo yangu iliyowahi kumbana mtu. Hilo ndilo lililonikalisha chini. Kwa sababu mwili niliupima kwa tepu ile, na kitambaa nikakikata kwa tepu ileile. Alhamisi hiyohiyo mwalimu wa hesabu alikuwa amechora pembetatu mbili ubaoni, ndogo na kubwa, akasema ukikuza pande zote kwa kiasi kimoja, umbo halibadiliki. Niliyanakili bila kuyaelewa, nikatoboa karatasi. Sasa niliyaelewa, nikiwa nimekaa sakafuni na mtoto mgongoni.

Mume wangu alipima vyuma vyote kwa tepu yangu. Lau daraja nalo lingepimwa kwa tepu hiyohiyo, gitaa lingekuwa refu kidogo tu kuliko namba za kwenye jedwali, na lingeimba. Lakini daraja lilipimwa kwa rula. Rula ya mzee ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lilikuwa kosa.

Nikavua gitaa foronya yake. Sikuhitaji kipimo. Fundi cherehani hatafuti katikati kwa namba, anakunja. Nikavuta uzi wa cherehani kutoka kwenye kimfupa cha juu mpaka kwenye daraja, nikaukata, nikaukunja mara mbili, nikaulaza juu ya shingo. Mkunjo ulipaswa kuangukia kwenye chuma cha kumi na mbili. Uliishia nusu sentimita kabla. Nikarudia. Nusu sentimita ileile. Lisogeze daraja nyuma kwa sentimita moja, basi, hakuna kingine.

Nikakaa na ule uzi mkononi. Mwisho wa mwezi ulikuwa kesho. Nikinyamaza kimya mpaka kesho jioni, chumba ni changu, kwa haki, kwa makubaliano, hakuna atakayenilaumu kwa sababu hakuna atakayejua. Naweza kumwambia baada ya mwezi, nikajishauri, kwa utani. Chiriku alikuwa anasimulia godoro lake jipya habari za paka.

Ningependa kusema ni huruma iliyonishinda. Ilikuwepo, siikatai, nikikumbuka yale mafaili mezani. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu ambalo halikuwa nyuma ya kitabu, na jibu likikaa tumboni peke yake linawasha. Mume wangu alipoingia saa saba, hata viatu hajavua, nikamkabidhi uzi.

Alikunja, akalaza, akatazama. Nikamwonyesha tepu na rula. Yeye ni mtu wa jedwali, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Kwa hiyo vyuma viko sawa," akasema.

"Viko sawa kwa tepu yangu."

"Na mzee yuko sawa."

"Yuko sawa kwa rula yake."

"Sasa nani kakosea?"

"Hakuna. Ndiyo maana linaumiza masikio."

Akakaa kwenye boksi la jiriwa. Nilidhani atarukaruka. Alishika tama. "Siwezi," akasema. "Mama Chiriku, mzee ameshika kazi yangu mara moja tu tangu nizaliwe. Mara moja. Halafu nikang'oe alichokifunga?"

"Basi tuache," nikasema, na lazima nikiri kwamba nilipolisema neno hilo moyo wangu uliruka kwenda dirishani kupanga mapazia.

Akanitazama. "Wewe si ulikitaka chumba?"

"Bado nakitaka."

"Mbona umeniambia?"

"Nilipata jibu. Nikashindwa kukaa nalo."

Akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Akaenda kutafuta bisibisi.

Mchana huo akaling'oa daraja, akachonga vijiti vya mtiki, akavitia gundi na kuziba yale matundu ya mzee. Jumapili asubuhi gundi ilikuwa imekauka. Alipima kwa tepu yangu, akatoboa upya, akafunga. Viraka vilionekana waziwazi, kama vifungo viwili vidogo, na mstari wa penseli ulikuwa bado upo, sentimita moja mbele, ukidai mahali pake.

Mzee akafika na mbao za kitanda, amezibeba begani vipandevipande. Nyuzi Tano alikuwa ameshateremka. Mzee aliona viraka kabla hajatua mzigo. Sijui aliviona kwa macho au kwa pua.

"Nani amegusa hapa?"

"Mimi, Baba," mume wangu akasema.

Mzee akachukua rula, akailaza. "Sitini na tano na milimita nane. Umezidisha sentimita nzima."

Mume wangu akanyoosha mkono kuifuata foronya. Nikaona atalifunika gitaa tena.

"Baba," nikasema, "naomba unishikie uzi huu. Mimi kazi ya mbao siijui. Nataka tu unionyeshe katikati ni wapi."

Hakuna seremala anayekataa kuulizwa katikati ni wapi. Alivuta uzi kutoka kwenye kimfupa mpaka kwenye daraja jipya, akaukunja, akaulaza. Ukaangukia kwenye chuma cha kumi na mbili kama mlango unaoingia kwenye fremu. "Sasa mpaka kwenye mstari wako wa penseli, Baba," nikasema. Akavuta, akakunja, akalaza. Nusu sentimita. Akarudia, safari hii akiwa amevaa miwani. Nusu sentimita.

"Mstari wangu uko sawa," akasema.

"Uko sawa kabisa, Baba. Tepu yangu ndiyo imezeeka. Vyuma vilikuwa vimeshaizoea."

Mzee akavua miwani, akaipangusa. Nyuzi Tano, ambaye hapendi kimya, akalichukua gitaa, akaliunganisha na spika, akapiga wazi, akapiga chuma cha kumi na mbili. Sauti ileile, nyembamba. Akazikaza kidogo skrubu ndogo, kisha akapanda, taratibu, kama mtu anayejaribu ngazi iliyowahi kumtupa. Haikumtupa. Alifika juu kabisa, akashuka, akapanda tena na wimbo mzima. Chiriku alinyamaza. Alinyamaza kwa muda unaotosha kuvisha sufuria mfuniko, na Nyuzi Tano akasema hahitaji mashahidi wengine.

"Limetulia," akaamua. "Chumba ni cha Baba Chiriku. Pole, shemeji."

"Ahsante," nikasema.

Mzee alikuwa ameinama anatazama benchi la mwanawe, lile aliloligongagonga kwa mabaki ya mbao. Akalitikisa. Likayumba.

"Hili ni fupi," akasema, akiliambia benchi. "Mtu mrefu akifanyia kazi hapa, mgongo unapinda. Halafu vumbi la mbao kwenye nyumba yenye mtoto, hilo si jambo. Kwangu pale dirishani kuna nafasi imekaa bure. Jumamosi saa nane nafungua. Atakayechelewa atakuta nimefunga." Akachukua mzigo wake wa mbao, akaulizia nyundo.

Nilikwenda jikoni kukosha vikombe. Mume wangu akanifuata, akasimama karibu na jiko, akageuza kifuniko cha birika huku na huku.

"Chumba nimekishinda, si ndiyo?"

"Umekishinda. Mwamuzi kasema mbele ya watu."

"Sasa, tuseme mtu ameshinda kitu," akaanza, "halafu baadaye akaona hakihitaji sana."

"Makubaliano ni makubaliano, Baba Chiriku. Chumba ni karakana mpaka mtoto aanze shule. Mimi si mtu wa kugeuka."

"Najua si mtu wa kugeuka. Nasema tuseme."

"Na benchi lako litabaki peke yake Jumamosi?"

Akatazama dari, akatazama vidole vyake vilivyokuwa bado na gundi. Alitaka kwenda kwa mzee kiasi kwamba hata hakuweza kulificha usoni. Huko chumbani nyundo ilikuwa imeshaanza. Mzee alikuwa anaunga kitanda, hajamuuliza mtu yeyote kama kuna mahali pa kukiweka, na Chiriku alikuwa anamuuliza kila msumari unaitwa nani.

"Nipe mpaka kesho," nikamwambia mume wangu. "Nitalifikiria."

Nikamgeuzia mgongo, nikakosha kikombe kimoja kwa muda mrefu sana, asinione ninavyocheka.